Mwisho wa mwaka katika soko la hisa la India: mwongozo kamili, Desemba hadi Machi 31

Novemba ikielekea ukingoni, mitandao hujaa orodha za hisa za India za kununua kabla mwaka haujaisha. Nyingi zimenakiliwa kutoka Marekani, ambako mwaka wa kodi wa mtu binafsi hufungwa Desemba 31. India haiko hivyo. Mwaka wake wa fedha huanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Kampuni nyingi hufunga hesabu zao Machi, na kodi yako huhesabiwa kwa mauzo uliyofanya hadi siku hiyo. Desemba 31 ni mwisho wa mwaka wa wageni, yaani mameneja wa mifuko ya New York, London na Singapore, ambao utendaji wao hupimwa kwa mwaka wa kalenda na ambao wana fedha nyingi ndani ya soko hilo.

Kwa hiyo mwisho wa mwaka wa India ni msimu wa miezi minne. Kuna na mwaka mpya mwingine, ule wa Diwali, Oktoba au Novemba, wafanyabiashara wanapofungua vitabu vipya na soko kufunguliwa kwa saa moja ya heri iitwayo Muhurat. Mwaka 2025 saa hiyo ilikuwa Oktoba 21, mchana. Ni desturi ya kupendeza, watu hununua hisa mbili tatu kwa ajili ya baraka, ila haikusaidii kupanga chochote, basi tuiache hapo.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinazofuata zimesimama juu yake: kati ya Desemba na Machi, pesa ya uhakika ni ile unayookoa kwenye kodi na gharama. Bei zikipanda, vyema, lakini usipange matumizi yako kwa kuzitegemea.

Kabla ya kuanza

Mwongozo huu unamhusu zaidi mwenye akaunti ndani ya India: mkazi wa huko, Mhindi aishiye nje, au raia wa nchi nyingine mwenye asili ya India na kadi ya OCI inayoithibitisha, ambao wako wengi Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala. Kama huna sifa hizo, huenda unaimiliki India kupitia mfuko unaouzwa kwenye masoko ya Marekani, kama INDA unaofuata fahirisi (kipimo cha pamoja cha bei za kundi la hisa) ya MSCI India. Hapo kodi ya India hulipwa ndani ya mfuko wenyewe. Ruka hatua za kodi, soma zile za kalenda, bajeti na sarafu.

Masoko ni mawili. BSE lilianzishwa mwaka 1875 na liko mtaa wa Dalal, Mumbai. Fahirisi yake ni Sensex, yenye kampuni 30. NSE lilianza biashara mwaka 1994 na fahirisi yake ni Nifty 50. (Usichanganye na NSE ya Nairobi, hasa unapotafuta bei kwenye simu.) Msimamizi wa yote ni SEBI. Fedha huhesabiwa kwa laki na krori, na krori moja ni milioni 10. Kwa saa za Afrika Mashariki soko hufunguliwa saa moja kasorobo asubuhi na kufungwa saa saba kamili mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiuza leo, malipo hukamilika siku ya kazi inayofuata.

Na hata kama hujawahi kufikiria soko hili, bidhaa zake unazo mtaani. Boxer za bodaboda na bajaji zinatengenezwa na Bajaj Auto, pikipiki nyingine na TVS Motor, na mtandao wa Airtel ni wa kundi la Bharti Airtel. Zote tatu zimeorodheshwa Mumbai.

Hatua ya 1: Andika tarehe zako kwanza

Desemba 15 ni siku ya kulipa awamu ya tatu ya kodi ya mapema. Kama kodi yako ya mwaka itazidi rupia 10,000 baada ya kutoa iliyokwisha katwa, uwe umelipa asilimia 75 kufikia siku hiyo, na asilimia 100 kufikia Machi 15. Ukichelewa unatozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Faida ya hisa ina nafuu kidogo: ukiuza Januari, hakuna atakayekudai kwa nini hukulipa Desemba, mradi uiweke kwenye awamu ya Machi.

Krismasi soko limefungwa, lakini Januari 1 liko wazi. Wengi husahau. Katikati ya Januari kampuni huanza kutangaza matokeo ya robo ya Oktoba hadi Desemba, na zile kubwa za teknolojia kama TCS na Infosys huwa miongoni mwa za kwanza. Januari 26 ni Siku ya Jamhuri, mapumziko. Februari 1 ni bajeti. Siku chache baadaye kamati ya sera ya Benki Kuu hukutana kuhusu riba.

Halafu ile tarehe inayowaumiza watu kila mwaka: siku ya mwisho ya biashara kabla mwaka wa fedha kufungwa. Machi 31, 2025 ilikuwa Jumatatu, na ilikuwa sikukuu ya Idi, soko limefungwa. Siku ya mwisho ikawa Ijumaa, Machi 28. Aliyepanga kuuza "Jumatatu asubuhi" alijikuta tayari yuko mwaka mwingine wa kodi. Mwaka 2026 Machi 31 imeangukia Mahavir Jayanti, siku ya mwisho ikawa Jumatatu ya tarehe 30. Kalenda ya sikukuu hutolewa na masoko yenyewe mapema. Ichapishe ubandike ukutani, kisha jiwekee tarehe yako mwenyewe ya kumaliza kila kitu, angalau wiki nzima kabla. Wiki ya mwisho ya Machi huwa na sikukuu nyingine pia, na programu za madalali hulemewa siku ambazo kila mtu anauza kwa sababu ileile.

Hatua ya 2: Toa ripoti, ipange kwa umri

Madalali wengi wa India hutoa ripoti ya faida na hasara kwa ajili ya kodi. Ipakue Desemba, irudie Februari. Usianze na jina la kampuni. Anza na umri wa kila manunuzi, kwa sababu kodi inaangalia siku.

Hisa uliyokaa nayo zaidi ya miezi 12 ni ya muda mrefu; chini ya hapo ni ya muda mfupi. Tangu Julai 23, 2024 faida ya muda mfupi hutozwa asilimia 20 (zamani 15) na ya muda mrefu asilimia 12.5 (zamani 10), ila rupia 125,000 za kwanza za faida ya muda mrefu kila mwaka wa fedha hazitozwi kitu. Juu ya kodi huongezwa tozo ya afya na elimu ya asilimia 4 ya kodi yenyewe. Mifuko ya pamoja ya hisa hufuata viwango hivyohivyo, na kama unachangia kila mwezi kwa mpango wa SIP, kila mchango una miezi 12 yake.

Jambo moja la kiufundi: ndani ya akaunti ya demat, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako, hisa zilizoingia kwanza ndizo huhesabiwa zimetoka kwanza. Kama ulinunua Tata Motors mara tatu, huwezi kuchagua kuuza zile za mwezi uliopita ukabakiza za zamani.

Hatua ya 3: Vuna faida isiyotozwa

Hapa ndipo penye pesa ya uhakika, na ajabu ni kwamba wengi hawapatumii. Ule msamaha wa laki moja na robo haurithishwi. Usipoutumia kufikia Machi 31, umepotea, na Aprili 1 unapewa mwingine mpya.

Tuchukue mfano. Ulinunua vipande vya mfuko wa Nifty kwa rupia 400,000, umekaa navyo mwaka na zaidi, sasa vina thamani ya 520,000. Faida ni 120,000, iko ndani ya msamaha. Ukiuza Machi na kununua tena, kodi ni sifuri, na bei yako mpya ya manunuzi imekuwa 520,000. Mwaka mmoja na zaidi baadaye vimefika 600,000 ukaamua kutoka: faida ni 80,000, nayo imo ndani ya msamaha wa mwaka huo. Hulipi kitu.

Sasa asiyevuna. Anauza siku hiyohiyo kwa 600,000 kilichonunuliwa 400,000. Faida 200,000, toa 125,000, zinabaki 75,000 za kutozwa. Asilimia 12.5 yake ni 9,375, na tozo ya asilimia 4 inafikisha 9,750.

Kuvuna nako kuna gharama. Kama kilichouzwa ni hisa za kawaida, kodi ya miamala ya hisa ni asilimia 0.1 unapouza na asilimia 0.1 unaponunua, jumla 1,040 kwa mfano wetu. Ushuru wa stempu ni asilimia 0.015 upande wa kununua, yaani rupia 78. Ongeza ada ya dalali. Bado unabaki na zaidi ya rupia 8,000 mfukoni kwa kazi ya dakika chache.

Masharti ni matatu. Kwanza, usiuze na kununua hisa ileile siku moja kwenye akaunti moja. Miamala hiyo itakutanishwa, itahesabiwa ni biashara ya siku moja, na hisa zako za zamani zitabaki palepale zilipokuwa. Uza leo, nunua kesho. Ukiogopa bei kuruka usiku, uza mfuko mmoja wa Nifty na kununua papo hapo wa kampuni nyingine unaofuata fahirisi ileile. Pili, saa ya miezi 12 inaanza upya, kwa hiyo usivune hisa unayojua utaihitaji baada ya miezi mitano, maana faida yake mpya itatozwa asilimia 20. Tatu, hesabu faida yako yote ya muda mrefu ya mwaka, pamoja na ile ya mifuko, kabla ya kubonyeza. Rupia moja juu ya 125,000 inaanza kutozwa.

Na kuna dhana moja potofu imeenea tangu bajeti ya 2025. Watu wamesikia kwamba mwenye kipato hadi rupia laki 12 halipi kodi chini ya mfumo mpya wa kodi ya mapato (ule wa zamani bado upo), wakadhani faida ya hisa imo. Haimo. Nafuu ile haigusi mapato yenye viwango maalumu, na faida ya hisa ni mojawapo.

Hatua ya 4: Toa hasara kwa mpangilio

Hasara ya muda mfupi ina thamani kuliko ya muda mrefu. Ya muda mfupi hupunguza faida ya aina zote mbili. Ya muda mrefu hupunguza faida ya muda mrefu tu. Kwa hiyo hisa inayokuumiza, iliyo na miezi 10 au 11, iamue kabla haijavuka mwaka.

Tuseme mwaka huu umepata faida ya muda mfupi ya rupia 300,000. Kodi yake na tozo ni 62,400. Ndani ya kapu una hisa uliyoinunua kwa 250,000 miezi saba iliyopita, sasa inauzwa 160,000. Ukiiuza, hasara ya 90,000 inatolewa kwenye faida, unabaki na 210,000 za kutozwa, na kodi inashuka hadi 43,680. Umeokoa 18,720. Kama bado unaiamini kampuni, inunue tena kesho yake. Sheria ya India haina kifungu kama kile cha Marekani cha siku 30, kinachokunyima kuitumia hasara ukinunua tena mapema. Usicheze tu michezo ya kumuuzia mke au ndugu kwa bei mliyopatana, kwa sababu sheria ina vifungu vya jumla dhidi ya miamala isiyo na shabaha nyingine ila kukwepa kodi.

Mtego uko hapa: hasara hutolewa kabla ya msamaha. Mwenye faida ya muda mrefu ya 100,000 tayari hatozwi. Akiuza hisa nyingine kwa hasara ya muda mrefu ya 60,000 "ili kupunguza kodi", hajapunguza chochote, ameiteketeza hasara ambayo ingemfaa mwaka ujao.

Swali kubwa kuliko kodi ni kama utarudi sokoni. Machi 2020, hofu ya korona ilipotanda, Sensex ilianguka asilimia 13 siku moja tu, Machi 23. Mwaka wa fedha ulifungwa Nifty ikiwa karibu 8,598. Waliouza kwa hasara ya kodi na kurudi siku iliyofuata walipata vyote viwili. Waliouza wakasema "nitangoja hali itulie" waliikuta Nifty ikiwa 14,690 Machi 31, 2021. Akiba ya kodi haifidii pengo la namna hiyo. Ndiyo maana agizo la kununua tena liandike kabla ya kutuma agizo la kuuza.

Hatua ya 5: Desemba, usifuate hadithi ya Krismasi

Tuangalie Desemba tatu mfululizo za Nifty. Mwaka 2022 ilishuka karibu asilimia 3.5. Mwaka 2023 ilipanda karibu asilimia 8. Mwaka 2024 ilishuka asilimia 2. Na hiyo ya 2023 haikusukumwa na Krismasi: Desemba 3 chama cha BJP kilishinda chaguzi za majimbo ya Madhya Pradesh, Rajasthan na Chhattisgarh, na katikati ya mwezi benki kuu ya Marekani ikaashiria kupunguza riba. Ukinunua kwa sababu ya tarehe, unanunua bahati.

Kinachofaa kuangaliwa Desemba ni wageni. Takwimu za manunuzi na mauzo yao hutolewa kila siku, pamoja na za taasisi za ndani. Oktoba 2024 wageni waliuza kwa kiasi kikubwa, na Nifty, iliyokuwa imefika kilele mwishoni mwa Septemba, ikashuka miezi mitano mfululizo hadi Februari 2025, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1996. Lakini soko halikuporomoka kama ambavyo lingeporomoka zamani, kwa sababu wananchi wa kawaida waliendelea kuingiza pesa kila mwezi. Desemba 2024 pekee michango ya SIP ilizidi krori 26,000. Kama una SIP, Desemba haina cha kufanya: iache iendelee.

Anayefanya biashara ya muda mfupi azingatie wiki mbili za mwisho. Wageni wengi wako likizo, wanunuzi ni wachache, na hisa ya kampuni ya ukubwa wa kati inaweza kuruka asilimia kadhaa kwa agizo moja kubwa. Tumia agizo lenye bei uliyoitaja mwenyewe, usitumie agizo la bei ya soko. Punguza ukubwa wa dau. Wanachama wa Sensex hubadilishwa Desemba na Juni, wa Nifty mwisho wa Machi na wa Septemba. Siku hizo mifuko ya fahirisi hununua na kuuza karibu na kufunga, kwetu kama saa sita na nusu mchana kuendelea. Kukimbilia hisa inayoingia kwenye fahirisi baada ya kutangazwa ni kuchelewa, maana wakubwa walishakisia majina wiki nyingi kabla.

Hatua ya 6: Bajeti ya Februari 1

Tangu 2017 bajeti husomwa Februari 1, na soko hufunguliwa hata ikiangukia Jumamosi, kama 2020 na 2025. Siku hiyo haitabiriki. Mwaka 2020 Sensex ilishuka pointi 988. Mwaka 2021 ilipanda pointi 2,315, asilimia 5. Mwaka 2025, pamoja na nafuu kubwa ya kodi kwa watu wa kipato cha kati, Nifty ilimaliza karibu pale ilipoanzia. Na Julai 23, 2024, bajeti ya baada ya uchaguzi ilipopandisha kodi ya hisa, Sensex ilianguka zaidi ya pointi 1,000 mchana kisha ikafunga imepungua 73 tu. Aliyeuza kwa kihoro saa ile alijuta kabla ya jioni.

Ushauri wangu: kufikia Januari 25 uwe umeshapunguza unachotaka kupunguza. Siku yenyewe kaa pembeni. Kesho yake soma vifungu, hasa viwango vya kodi ya hisa, kwa sababu ndivyo vitakavyoamua kama uvune Machi hii au usubiri.

Hatua ya 7: Fyucha na opsheni

Hii ni mikataba ya kununua au kuuza hisa au fahirisi siku ya mbele kwa bei iliyopangwa leo. Nitasema kwa ufupi. SEBI yenyewe ilichunguza akaunti za watu binafsi: kati ya mwaka wa fedha wa 2022 na wa 2024, asilimia 93 walipata hasara, jumla yake ikizidi rupia trilioni 1.8. Mwaka wa fedha uliofuata, baada ya masharti kukazwa, bado asilimia 91 walipoteza. Hakuna mkakati wa mwisho wa mwaka unaobadilisha hesabu hizo.

Kama umo tayari, mambo matatu. Bei za opsheni huvimba kabla ya bajeti na kupungua mara tu hotuba inapokwisha, hata ukibashiri upande sahihi. Mikataba ya hisa za kampuni mojamoja ikifika mwisho wake ikiwa wazi hulipwa kwa hisa zenyewe, kwa hiyo unaweza kudaiwa fedha za kununua shehena nzima. Ifunge siku kadhaa kabla. Tena, kwa kodi, mikataba hii huhesabiwa ni biashara, wakati kununua na kuuza hisa siku hiyohiyo huhesabiwa ni kubahatisha, na hasara ya kubahatisha hupunguza faida ya kubahatisha peke yake. Mhindi aishiye nje haruhusiwi kabisa kununua na kuuza hisa siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Machi na kampuni ndogo

Kampuni ndogo ndizo hutikiswa zaidi Machi, kwa kuwa wanaouza kwa sababu ya kodi ni wengi na wanunuzi hawapo. Machi 2024 mwenyekiti wa SEBI wakati huo, Madhabi Puri Buch, alionya kwamba bei za kampuni ndogo zimejaa povu. Siku mbili baadaye, Machi 13, fahirisi ya kampuni ndogo ya Nifty ilianguka zaidi ya asilimia 5.

Hisa nyingi za namna hii zina kikomo cha kushuka kwa siku, kama asilimia 5, 10 au 20. Hisa ikigonga kikomo, foleni ya wauzaji huwa ndefu na mnunuzi hayupo; agizo lako hukaa tu pale hadi soko lifungwe, na kesho yake linaanza tena chini. Anayetaka kutoka atoke Januari au Februari, vipande vidogovidogo. Na mwenye fedha taslimu anayeijua kampuni vizuri, siku kumi za mwisho za Machi humpa bei ambazo Aprili huenda asizipate. Nasema huenda, na nasema anayeijua vizuri.

Anayewekeza kwenye mifuko ya ELSS kwa ajili ya punguzo la kodi la hadi rupia 150,000 aulize kwanza yuko mfumo gani. Punguzo hilo liko kwenye mfumo wa zamani tu, na siku hizi mfumo mpya ndio unaokukuta usipochagua. Kila mwaka watu hufungia pesa miaka mitatu kwa ajili ya punguzo lisilowahusu.

Hatua ya 9: Sarafu

Wakazi wa India hawana haja ya hatua hii, sisi wa nje tunayo. Mwaka 2024 Nifty ilipanda karibu asilimia 9. Lakini rupia ilishuka kutoka kama 83 hadi kama 85.6 kwa dola, na shilingi ya Kenya, iliyokuwa karibu 156 kwa dola mwisho wa 2023, iliimarika hadi karibu 129. Zidisha vyote vitatu: Mkenya aliyepeleka shilingi Mumbai Januari na kuzihesabu Desemba alikuwa amepoteza takriban asilimia 12 hadi 13, kwenye soko lililopanda. Ingekuwa shilingi imeshuka, angechekelea.

Desemba 2025 dola moja ilivuka rupia 90. Kwa hiyo andika matokeo yako kwa safu mbili, rupia na sarafu unayoitumia nyumbani, na usihamishe fedha zote kwa mkupuo mmoja. Aishiye nje aangalie pia kodi iliyokatwa: kwake hukatwa moja kwa moja kwenye faida, na gawio nalo hukatwa. Kenya na Tanzania zote zina mikataba na India ya kuzuia kutozwa mara mbili, lakini nafuu yake huipati bila cheti cha ukazi wa kikodi kutoka mamlaka ya mapato ya kwenu, KRA au TRA. Kiombe mapema.

Hatua ya 10: Aprili hadi Julai

Wiki ya kwanza ya Aprili pakua ripoti kamili ya mwaka na ilinganishe na taarifa ya AIS, orodha ya miamala yako iliyoripotiwa kwa mamlaka ya kodi, iliyo kwenye tovuti ya kodi ya mapato. Tofauti ndogo za bei ya manunuzi hutokea mara kwa mara, hasa kwa hisa zilizogawanywa au zilizohamishwa kutoka kwa dalali mmoja kwenda mwingine. Hifadhi hati ya kila muamala aliyokutumia dalali kwa barua pepe; ndiyo inayothibitisha tarehe.

Mwenye faida ya hisa pekee kwa kawaida hujaza fomu ya ITR-2, mwenye fyucha na opsheni ITR-3. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1961 imeachia nafasi ile ya 2025 kuanzia Aprili 1, 2026, kwa hiyo namba za vifungu unazokutana nazo kwenye makala za zamani hazitalingana. Fuata jina la kodi. Viwango navyo hakikisha upya baada ya kila bajeti.

Mwisho wa kuwasilisha, kwa wanaojaza ITR-2, ni Julai 31. Hasara ya hisa unaweza kuihamisha hadi miaka minane mbele, ile ya kubahatisha minne, lakini kwa sharti moja: fomu iwe imewasilishwa ndani ya muda. Ukichelewa, kodi utalipa na hasara hutaibeba.